Mapigo Mia Moja Sitini na Nne

Pasi ilikuwa imeshika moto sawasawa. Mama Chiriku aliipitisha kwenye mkono wa shati, akaligeuza, akaanza kola. Alikuwa amenyoosha mashati tisa tangu asubuhi, na kapu la nguo za wapangaji wa ghorofani lilikuwa bado limejaa.

Alipoinama kuchukua shati la kumi, aliona daftari chini ya meza. Lilikuwa la binti yake. Wenzake walimwita Chiriku kwa sababu ya maneno mengi, na jina likamkaa mpaka nyumbani.

Mama alifurahi kuliona. Alikuwa na miezi sita katika kisomo cha watu wazima, na siku hizi alisoma kila kilichopita mbele yake, hata pakiti za sabuni. Akaweka pasi pembeni, akafungua daftari, akasoma kidole kikiwa chini ya maneno.

"Ma-pi-go ka-bla ya ku-ki-mbi-a, 88. Ma-pi-go ba-a-da ya ku-ki-mbi-a, 164."

Akarudia. Maneno yalikuwa yale yale.

Akakumbuka ya jana. Chiriku alirudi kutoka shule akichechemea. Alikaa kwenye kiti taratibu kama bibi kizee, akasema, "Mapaja yanauma, mama! Mwalimu wa michezo alitukomesha jana." Kisha akacheka, na mama naye akacheka. Sasa hakuona cha kuchekesha.

Akalichukua daftari, akatoka barazani kwa jirani yake, fundi viatu.

"Shemeji, hebu nitazamie namba hii. Ni ngapi?"

"Mia moja sitini na nne. Za nini?"

"Mapigo aliyopigwa mwanangu. Na mengine themanini na nane kabla yake."

Fundi alitoa msumari mdomoni. "Mia na sitini? Huyo mwalimu ana mkono au mashine?"

"Nakwenda kumuuliza. Na leo ndiyo mwisho wa Chiriku kwenye hayo mazoezi. Niangalizie pasi."

Shuleni aliwakuta wanafunzi uwanjani, wameketi wawili wawili, wameshikana mikono. Mwalimu wa michezo alikuwa dada mfupi mwenye filimbi shingoni.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba," alijibu, lakini kwa sauti kavu. "Mwalimu, mwanangu amekosa nini hata apigwe mara mia moja sitini na nne?"

Chiriku aliruka kutoka kwenye nyasi. "Mimi? Nani kanipiga, mama?"

"Nyamaza. Nimesoma mwenyewe." Akalifungua daftari, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi.

Mtoto mmoja aliangua kicheko, na darasa zima likamfuata. Mama Chiriku aliona uso unawaka. Alifunga daftari. Moyoni alisema, sitasoma tena mbele za watu.

Mwalimu hakucheka. Alipuliza filimbi.

"Nani amekosea hapa?"

"Mama Chiriku!" alisema mmoja.

"Hapana. Mama amesoma kila neno lilivyoandikwa. Sisi ndio tuliandika nusu. Mapigo ya nini?"

"Ya moyo," walijibu, sasa kwa sauti ndogo.

"Nani ameandika 'ya moyo'?"

Hakuna aliyeinua mkono.

"Hata mimi ubaoni sikuandika," alisema mwalimu. "Andikeni sasa. Asante, mama, umetusahihishia darasa zima."

Mama hakujua acheke au alie. Chiriku alimvuta mkono. "Keti hapa nikupime."

"Unipime nini?"

"Moyo! Tulia kwanza. Umekuja na hasira mguu mosi mguu pili, moyo unakimbia bado. Tunasubiri dakika tano."

Walisubiri. Kisha Chiriku akaweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono wa mama, chini ya dole gumba. Alihesabu nusu dakika, akazidisha mara mbili.

"Themanini na sita. Haya, zamu yako. Nipime mimi."

Mama akamshika kwa dole gumba.

"Siyo hilo! Dole gumba lina mapigo yake. Utahesabu moyo wako ukidhani ni wangu."

"Kumbe hata vidole vina siri," alisema mama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kisha akamgeukia mwalimu. "Lakini mtoto alirudi anachechemea. Hilo nalo ni la kuandikwa nusu?"

"Hilo ni la kweli, mama. Juzi tuliruka ruka kuliko walivyozoea. Misuli ikifanya kazi mpya huuma siku mbili tatu, kisha inapona ikiwa na nguvu zaidi. Maumivu makali ya goti au ya kifua ni jambo jingine. Hapo mtu anaacha mara moja na kwenda kwa daktari."

"Na hiyo mia na sitini haimdhuru?"

"Anapokimbia, misuli inataka hewa zaidi. Damu ndiyo inayoipeleka, kwa hiyo moyo unaharakisha. Akipumzika, unashuka. Moyo nao ni msuli. Ukifanyishwa kazi mara kwa mara, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja. Basi mtu akiwa ametulia, moyo wake hauhitaji kupiga haraka haraka."

Mama alifikiri kidogo. "Kwa hiyo namba ikishuka, mtoto hajafeli?"

"Hapo ndipo anafaulu."

"Basi abaki," alisema mama. "Na mimi mniandike."

Tangu siku hiyo, jioni tano kwa wiki, mama na binti walitembea kwa haraka nusu saa. Chiriku alikuwa mkali kama bosi. "Zungumza, mama! Ukiweza kuzungumza lakini huwezi kuimba, mwendo ni huo huo." Mama alijibu kwamba kuimba hakuweza hata akiwa amelala.

Baada ya miezi miwili, mapigo ya moyo wa mama akiwa ametulia yalikuwa sabini na nane. Kapu la nguo alilipandisha hadi ghorofa ya tatu bila kusimama njiani.

Wiki ya wazazi ilipofika, mwalimu alimpa karatasi ya maelekezo ya kupima mapigo ya moyo. "Mama, utatusomea?"

Akaipokea, akasimama mbele. Wazazi waliketi safu nne. Alianza polepole, kidole chini ya neno, kisha sauti ikapata nguvu. Alisoma jinsi ya kutulia, vidole vya kutumia, na muda wa kuhesabu. Hakuna aliyecheka. Nyuma, Chiriku alimpiga mwenzake kiwiko. "Umesikia? Yule ni mama yangu."

Kisha wazazi wakapanga mstari kupimwa. Mama Chiriku alishika mkono mmoja baada ya mwingine, akaandika kila jina na namba mwenyewe. Kengele ya kufunga shule ililia kukiwa bado na watu kumi na mmoja.

"Na sisi je?" aliuliza mama mmoja mnene aliyekuwa mbele. "Moyo wangu umesimama foleni saa nzima!"

"Urudishe nyumbani ukapumzike," alisema Mama Chiriku, akipiga mstari chini ya jina la mwisho. "Kesho tunaanza na wewe."