Barua Aliyoifuta Dainess

Kila siku ya shule Dainess alifika nyumbani saa kumi jioni, akavua viatu mlangoni, akapasha wali uliobaki, kisha akakaa mezani kufanya hesabu zake. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Waliishi watatu katika ghorofa ya tisa jijini Guangzhou. Baba yake, Dokta Elinami, alikuwa mtafiti katika chuo kikuu. Mama yake, Albina, alinunua nguo na kuzisafirisha kwa kontena hadi Tanzania. Nyumba ile ilikuwa na amri moja isiyojadiliwa: kishikwambi cha Baba hakiguswi kabla kazi za shule hazijaisha.

Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, Dainess aliivunja. Alikuwa katikati ya katuni ujumbe ulipoingia. Uliandikwa na Stephen, rafiki wa Baba aliyeko Marekani, ambako Baba alifanya kazi mwaka uliotangulia. Kulikuwa na picha ya barua na maneno machache: "Elinami, hii imeletwa kwenye anwani yako ya zamani. Ni ya kodi ya jimbo. Wahi kuijibu."

Dainess aliufungua bila kufikiri, kisha akashtuka. Baba angeona kwamba ujumbe umeshafunguliwa, naye angejua nani alikuwa na kishikwambi saa ile. Akaufuta. "Kama ni muhimu, Mjomba Stephen atautuma tena," akajiambia, akarudi kwenye hesabu zake.

Stephen hakuutuma tena. Alidhani umefika.

Mwezi Machi, Baba alikuwa amejaza fomu mbili za kodi, kwa sababu mwaka ule alikatwa kodi kupita kiasi na alistahili kurudishiwa. Aliyemsaidia ni Rodgers, kijana wa Mbeya aliyesoma uhasibu kwa ufadhili na aliyemfundisha Dainess hesabu kila Jumamosi.

"Dokta, usishangae zikija kwa nyakati tofauti," Rodgers alimwambia siku ile. "Kule kuna serikali ya shirikisho, ambayo ni ya nchi nzima, na kuna serikali ya jimbo. Kila moja ina ofisi zake, wafanyakazi wake na kompyuta zake. Ya shirikisho ikishalipa, ya jimbo haifuati mkumbo. Inakagua yenyewe, tena majimbo mengine hukagua polepole."

Kweli, fedha za shirikisho ziliingia benki baada ya wiki tatu. Za jimbo hazikuonekana. Aprili ikaisha. Mei ikafika katikati.

Mama ndiye aliyeumia zaidi. Alikuwa ameagiza suruali za jinzi katika karakana moja huko Xintang, na laoban, yaani mwenye karakana, alikuwa akimsubiri alete malipo ya awali, ambayo yangetoka kwenye fedha hizo za kodi. Ijumaa moja, wakati wa chakula cha jioni, Mama alirudi uso umemshuka.

"Amempa nafasi yangu mteja mwingine," alisema, akaweka mkoba chini. "Nitakwenda soko la Shahe nikachukue fulana chache. Nitafanyaje?"

Baba alipiga meza kwa kiganja. "Ni huyu Rodgers! Ameniharibia fomu. Au ameandika akaunti yake mwenyewe, nani ajuaye? Kwa nini hela moja ije na nyingine ipotee?"

"Usiseme hivyo, Baba Dainess. Kijana wa watu yule."

"Basi asije hapa mpaka nijue ukweli."

Dainess alikuwa ameshika kijiko. Akakiweka chini. Ile barua! Alitaka kusema, lakini mdomo ulikuwa mzito, akasema ameshiba, akaenda kulala mapema. Baba alimpigia Rodgers simu akamlaumu, na Jumamosi kijana hakuja. Jumapili kanisani, Baba alimpita kama hamjui, na Dainess akainamisha kichwa ili macho yao yasikutane. Wiki nzima hakufurahia kitu. Hata mwalimu alipomsifu kwa insha yake, aliona kama anasifiwa mtoto mwingine.

Jumamosi iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Rodgers, ameshika bahasha.

"Shikamoo, Dokta. Shikamoo, dada," aliwasalimu Baba na Mama. Hakukaa. "Nimezipitia nakala za fomu mara tatu, sijaona kosa. Lakini mimi ndiye niliyezijaza, kwa hiyo siwezi kukwepa. Hii ni akiba yangu ya posho. Haitoshi, ila impunguzie dada mzigo wakati tunasubiri."

Alinyoosha mkono kumpa Baba bahasha.

"Usiitoe, Kaka Rodgers!" alisema kwa sauti iliyomshtua hata yeye. Machozi yakamtoka. "Ni mimi. Barua ilikuja. Mjomba Stephen aliituma, nikaifuta. Nilikuwa naangalia katuni kabla ya kumaliza hesabu. Niliogopa, Baba."

Baba alimtazama binti yake, kisha akaitazama ile bahasha, na hasira ikamtoka usoni, ikabaki aibu.

Alimpigia Stephen palepale, na picha ikaja tena. Rodgers aliisoma kwa sauti na kuieleza. Serikali ya jimbo ilitaka Baba athibitishe kwamba ni yeye kweli aliyejaza fomu, kwa kuwa wapo wezi wanaojaza fomu kwa majina ya watu. Mpaka atakapojibu, wasingetuma chochote. Muda wa kujibu ulikuwa umebaki siku tisa.

"Kumbe hawakupoteza kitu," Mama alisema. "Walikuwa wanatusubiri sisi."

Mchana uleule Baba alijaza majibu kwenye tovuti iliyotajwa katika barua. Alipomaliza aliinuka, akamshika Rodgers mkono kwa mikono yake miwili. "Mdogo wangu, nilikushuku bila ushahidi, tena mbele ya mwanangu. Nisamehe."

"Yamekwisha, Dokta," Rodgers alijibu, akairudisha bahasha mfukoni. Alisema yamekwisha, lakini alifuta macho.

Fedha za jimbo ziliingia mwisho wa Juni. Nafasi ya Xintang ilikuwa imeshakwenda, na Mama alilazimika kuagiza upya na kungoja miezi miwili. Siku fedha zilipoingia, Baba alimketisha Dainess kando yake.

"Ungeniambia Jumanne ile," alisema taratibu, "ningekunyima kishikwambi wiki moja, basi. Ulinyamaza, na Rodgers akabeba aibu yako wiki nzima, mama yako naye akapoteza nafasi yake kule Xintang. Kosa ukilikiri mapema, linakuwa lako peke yako, na mtoto wa umri wako anaweza kulibeba. Ukilificha, unawatwika watu wasio na hatia. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Baba," Dainess alijibu, na safari hii alimtazama machoni.