Mteja Asiyelalamika

Duka lilikuwa bado halijafunguliwa, lakini wateja walikuwa wamekwisha kujaa. Walipanga foleni mbele ya meza ya Yunisi Chibago, mmoja akipiga miayo, mwingine akimkaripia mtoto, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uzito. Walikuwa wateja-kivuli. Mtambo uliofungwa darini uliwafinyanga kwa nuru. Kila mmoja ulimtengeneza kutokana na kumbukumbu za mkazi halisi wa mtaa ule wa Dodoma: alivyotembea madukani zamani, alivyouliza bei, alivyonuna.

Yunisi alikuwa fundi wa lifti mpaka lifti zilipojifunza kujitengeneza zenyewe. Alipoachishwa kazi, yeye na shemeji yake Melkiadi, mume wa marehemu dada yake, waliamua kuoka mikate. Walipanga chumba chini ya Jengo la Zabibu, na pamoja na chumba wakapewa Mkufunzi, akili ya mashine iliyowafundisha watu biashara ndogo.

Mkufunzi alifundisha vizuri, hilo lazima lisemwe. "Anzeni na vitu viwili mnavyoviweza, si kumi mnavyovitamani," aliwaambia kwa sauti yake tulivu. "Unga wa biashara usiingie jikoni kwenu nyumbani. Na mteja akilalamika, usijitetee. Msikilize amalize, kisha rekebisha."

Kwa hiyo kila asubuhi Yunisi alifanya mazoezi na vivuli. Mgumu kuliko wote alikuwa bibi mmoja mwembamba, mwenye kanga iliyofungwa kifuani. Aligusa mkate kwa mgongo wa kiganja, akakunja uso.

"Huu umeungua chini. Na chumvi, mbona hivi? Unataka kutuua?"

Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, aliuliza, "Na wewe umeamkaje, binti yangu?"

Hakuna kivuli kingine kilichouliza hivyo. Mkufunzi alisema ni Mama Nambua wa ghorofa ya juu kabisa. Yunisi alijikuta akimngojea. Kwa ajili yake alipunguza moto wa tanuri, akapima chumvi upya, mpaka siku moja bibi wa nuru akagusa mkate na kunyamaza. Melkiadi alipiga makofi nyuma ya tanuri.

Walipofungua, wateja wa kweli walikuja mmoja mmoja, na Yunisi aliwatambua wote kabla hawajafungua midomo. Mama Nambua hakuja. Oda yake ndiyo iliyokuja, kila alfajiri, mkate mmoja, malipo yakiwa yametangulia. Kipungu, chombo kidogo cha kuruka, kiliubeba mkate hadi kwenye kidirisha cha nyumba yake na kurudi kitupu.

"Siku hizi watu wa juu hawashuki," Melkiadi alisema. "Kila kitu kinawafuata. Ashuke kufanya nini?"

"Aje anigombeze, shemeji. Nimemzoea."

Alimtumia andazi la zawadi, akaomba maoni. Hakujibiwa.

Kisha likatokea kosa. Melkiadi alikuwa na homa, akatia chumvi mara mbili kwenye donge la unga wa siku nzima. Kufikia saa tatu duka lilikuwa limejaa watu wenye hasira. Yunisi alifanya alivyofundishwa: aliwasikiliza, akaomba radhi, akawapa mikate mipya. Walipoondoka alimuuliza Mkufunzi ni nani aliyebaki hajalalamika.

"Mama Nambua peke yake. Na oda yake ya kesho imeshaingia. Huyo ni mteja aliyeridhika."

Yunisi alimkumbuka bibi wa nuru akigombana juu ya chumvi. Alifunika mkate mpya kwa kitambaa, akavua aproni.

"Sikushauri kwenda," Mkufunzi alisema. "Mteja anayesumbuliwa nyumbani huhama."

"Basi ahame. Niende nimwone akihama."

Alipanda kwa lifti isiyomhitaji tena. Korido ya juu ilikuwa safi, kimya, milango yote ya rangi moja. Alibisha. Mlango ulifunguliwa na mtumishi-chuma, mashine ya nyumbani yenye mikono mirefu, na hewa ya ubaridi mkali ikamwagika nje.

"Nimemletea Mama Nambua mkate. Wa leo ulikuwa na chumvi."

"Bibi amelala," mashine ilisema kwa adabu. "Aliagiza asiamshwe. Aliagiza pia chai na mkate visikosekane."

"Amelala tangu lini?"

"Tangu kabla ya mvua."

Mvua ilikuwa imeondoka zamani. Kando ya ubavu wa mashine Yunisi aliona meza, na juu yake mikate yake, imepangwa kwa heshima, safu juu ya safu, migumu kama matofali. Kikombe cha chai kilikuwa kinatoa mvuke. Nyuma ya meza kulikuwa na pazia, na chini ya pazia ncha ya kanga. Hakuingia ndani. Aliketi koridoni, mkate mapajani, akawaita polisi.

Walimzika Mama Nambua kesho yake. Walikuwepo Yunisi, Melkiadi na wachimba kaburi tu.

Asubuhi iliyofuata mtambo wa darini uliwaka. Bibi wa nuru alijitokeza kwenye foleni, akagusa mkate, akauliza, "Na wewe umeamkaje, binti yangu?"

Melkiadi aligeuza uso. Yunisi alijibu, "Sijaamka vizuri, mama," kisha akauzima mtambo kwa mkono wake.

"Umejifunza mengi kwa vivuli," Mkufunzi alisema. "Nikifute hicho kimoja?"

"Nijibu kwanza. Katika jengo hili, wangapi wanaagiza kile kile kila siku, hawabadilishi, hawalalamiki?"

"Kumi na mmoja. Ndio wateja wako bora."

Melkiadi aliketi juu ya gunia la unga. Yunisi alianza kupanga mikate ya moto kapuni.

"Vipungu vipo," Mkufunzi alisema. "Ukienda mwenyewe, duka litakaa bila mtu. Utapata hasara."

"Shemeji atakaa."

Mlango wa kwanza ulikuwa ghorofa ya kati. Alibisha, akasubiri. Kimya. Harufu ya mkate ilijaa korido. Alibisha tena, kwa nguvu, na alikuwa tayari amegeuka kutafuta polisi aliposikia kitu kikiburuzwa ndani, kiti au kandambili. Sauti ya mzee mwanamume, yenye kutu ya kukaa bila kusema, ikauliza:

"Nani?"

"Muuza mkate, baba. Nimekuja kukujulia hali."

Kule ndani kuburuza kukaanza upya, polepole, kukielekea mlangoni.

"Nakuja, mwanangu. Miguu haina haraka. Usiondoke."