Kipimahewa Sandukuni

Siku ya gulio pale Kayanga, watu wamejaa mpaka njia ya stendi, kijana mmoja alipita karibu na karai la maandazi na kitu kikaanza kulia kifuani pake. Kilikuwa kidude cheupe, ukubwa wa kiberiti, kimening'inia kwenye kamba ya bluu. Kayitesi, mwenye karai, aliinua macho kutoka kwenye moshi. Alivaa kitenge cha rangi ya chungwa kilichojaa unga mapajani, na kilemba amekifunga upande.

"Kaka, mtoto wako analia," alimwambia. "Mnyonyeshe."

Wanunuzi wakacheka. Kijana naye akacheka, na mimi nakwambia, kicheko kile ndicho kilichomponza. Aliitwa Placidius, mtu wa Muleba, fundi wa mradi unaopima hewa wanayovuta wapikao kwa kuni. Alieleza kwamba kile ni kipimahewa. Kinakamata gesi ya sumu iliyomo ndani ya moshi, ile isiyoonekana wala kunuka, na ikizidi kinalia. Kayitesi akasema kwao Bweranyange yeye ndiye mpishi, na mama yake anakohoa tangu yeye yuko darasa la nne. Placidius akamwomba avae kimoja siku kumi na nne, tangu kuamka hadi kulala. Hapo ndipo alipokosea. Alitoa kipya mfukoni, akainama, akamfunga shingoni kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya soko zima.

Habari zilifika Bweranyange kabla ya Kayitesi, zikibebwa na jirani yao Mackrine. Mama yake, Bi Anonciata, alimpokea mlangoni akiwa ameshanyoosha mkono. Katika nyumba ile, kitu ambacho mwanaume amemfunga binti mwilini hakivaliwi mpaka wazee wa mwanaume huyo waje, wakae, watafune punje za kahawa za posa. Kayitesi alijitetea kwamba ni kifaa cha kazi.

"Aliyekufunga ni mradi au ni mwanaume?" mama aliuliza.

Binti akajishika shingo, maana vidole vile alikuwa bado anavisikia hapo. Mama akakiviringisha kipimahewa ndani ya kitenge kipya, akakitia sandukuni na kufunga.

Basi simu za Placidius zikaanza, kila jioni saa kumi na mbili.

"Mpishi wangu, umeshindaje?"

"Nimeshinda na moshi, baba mtoto."

"Na mtoto hajambo?"

"Amelala tu, hasumbui."

Walicheka sana na huyo mtoto wao. Wakaongea habari za migomba, za kwaya, za jinsi Placidius asivyojua kupika hata chai. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na nyumba ile ilikuwa na vyote viwili. Lakini habari ya sanduku Kayitesi hakuitoa. Kumwambia mwanaume kwamba mama anawasubiri wazee wake ni kujiposa mwenyewe, na akikataa, utauweka wapi uso wako? Alimtaka Placidius, alimtaka kwelikweli, ndiyo maana akanyamaza.

Siku ya kumi Placidius alikusanya namba zilizotumwa na vidude vyote. Namba za nyumba nyingine zilipanda kila mchana sufuria zinapowekwa jikoni. Ya Kayitesi ilikuwa sifuri siku zote. Alipiga simu mchana uleule, na safari hii hakumwita mpishi wangu.

"Hukukivaa hata siku moja," alisema. "Nimekuuliza kila jioni. Ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka."

"Basi niambie sababu."

"Siwezi, Placidius."

"Kesho nakuja kukichukua."

Akakata. Na asinidanganye mtu kwamba hasira ile ilikuwa ya kazi. Kijana aliumia.

Kesho yake alishuka kwenye bodaboda na shati jeupe lililokuwa limegeuka jekundu kwa vumbi. Alimwamkia mama shikamoo, akaitikiwa marahaba, akapewa kiti, akaeleza kilichomleta. Kayitesi alisimama mlangoni pa jiko, macho yamevimba. Mama aliingia ndani akarudi na kitenge, akamwekea kijana mapajani kwa mikono miwili.

"Umekuja peke yako?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Basi hukuja kuposa. Umekuja kunyang'anya."

Placidius alifungua kitenge. Kidude kilikuwa safi, kamba imekunjwa vizuri. Mama alimweleza desturi yao huku kikohozi kikimkatiza, na kijana akainama kwa aibu.

"Ulitaka nikuambie nini?" Kayitesi alisema kutoka mlangoni. "Kwamba wazee wako wanasubiriwa? Ningeanzaje, na wewe hujasema neno?"

"Nilidhani nimelisema kila jioni," Placidius alijibu.

Kisha akakiviringisha tena kidude kama alivyokikuta, akamkabidhi mama kwa mikono miwili. "Kirudishe sandukuni, mama. Nitakifuata na wazee." Kwenye fomu ya mradi aliandika kwamba kifaa hakikuvaliwa kwa sababu za kifamilia. Kayitesi alimsindikiza hadi barabarani, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona mwanaume mzima anaogopa kupanda pikipiki kwa kutotaka kuondoka.

Jumamosi ya pili alikuja na mjomba wake Projestus na wazee wawili. Walikaa, wakatafuna kahawa, wakakubaliana. Placidius akakitia kidude betri mpya, na safari hii mama mwenyewe ndiye aliyemfunga bintiye. Kayitesi akaenda jikoni kupakua ndizi. Hakuwa ameshika hata mwiko, kidude kikalia.

"Kinasema nini?" mama aliuliza.

"Kinasema kikohozi chako kinatoka humo ndani, mama," Placidius alijibu polepole.

Bi Anonciata alitazama mlango wa jiko lake kwa muda mrefu. Miaka yote aliambiwa ni baridi, na binti yake alikuwa akipika humo kila siku tangu utotoni. Akamgeukia Projestus na kumwambia ng'ombe wa mahari watasubiri. Kwanza mkwe akate dirisha jikoni.

Placidius alivua koti akaomba jembe. Kidude kiliendelea kulia shingoni mwa Kayitesi mpaka udongo wa ukuta ulipoangukia nje na moshi ukapata njia, na mama akasogea, akasimama penye upepo.