Aliyeingia Nyuma ya Kalenda

Mashine ya mlangoni ililia mara mbili. Kalenda alikuwa ameweka kidole mara moja tu, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Imeanza ubovu," alijisemea, akaingia zake ofisini.

Kalenda si jina alilopewa na mama yake, jamani. Wenzake kazini ndio waliombatiza. Ile mashine ya vidole haijui Jumatatu wala Ijumaa; yenyewe huhesabu sekunde tu, na kila anayepita humwandikia tarakimu kumi mfululizo. Bosi hawezi kusoma madudu hayo. Kwa hiyo Kalenda alitengeneza programu ya kuyageuza yawe siku, tarehe na saa, pamoja na jina la mwenye kidole. Akimaliza hapo hurudi nyumbani kwenye kikombe chake kimoja, maana tangu mkewe afariki hakuna wa kumngoja. Upweke ulikuwa umemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni hiyo programu iligoma. Kulikuwa na mstari usio na jina: kidole kisichojulikana, kimeingia sekunde moja baada yake. Programu haikubali nafasi tupu, naye alitaka ripoti iende, basi akafanya wanavyofanya mafundi wote wa kompyuta, akajaza neno lolote lipite. Akaandika Mgeni.

Loo! Laiti angeandika neno jingine.

Kuanzia hapo Mgeni hakukosa kazini. Kalenda akiingia, tii. Mgeni nyuma yake, tii. Kutoka, vivyo hivyo. Aliikagua saa ya mashine akidhani imekosea, akaikuta sawasawa na ya simu yake. Kisha ikaja harufu ya udongo uliolowa, ile ile ya siku aliyomzika mkewe, ikimfuata hadi mezani, na siku moja ya mapumziko alipokuja peke yake kumalizia kazi akasikia kiti cha pili kikivutwa taratibu, na mtu akiketi, na pumzi zikienda sambamba na zake, akizizuia zake nazo zinazuiwa, akiziachia nazo zinaachiwa, naye asithubutu hata kugeuza shingo.

Alimwambia dada yake kwenye simu, kwa kunong'ona. Dada mtu hakucheka. Alikwenda kwa mganga, na kesho yake jioni akampigia.

"Kaka, hilo ni jini, na wewe ndiye uliyelikaribisha kwa kuliita mgeni. Futa hilo jina, kisha useme kwa mdomo wako: sikukuita, ondoka. Fanya leo leo. Likishapajua kwako haling'oki tena."

"Nitafuta."

"Usinitanie, kaka. Mimi sina ndugu mwingine."

"Nitafuta, dada."

Akafungua programu. Wenzake walishaondoka, ile harufu ilikuwa imetulia kwenye kiti cha pili. Kidole kikawa juu ya kitufe. Akawaza nyumbani, taa anayoiwasha mwenyewe, redio anayoiacha ikiongea ili nyumba isimlemee kwa ukimya. Aliogopa, tena sana. Lakini tangu mazishi hakuna aliyeketi karibu naye namna hii.

"Kesho," akanong'ona.

Kiti kikarudishwa nyuma. Mlangoni, tii.

Haraka haraka akaigeuza namba ya mwisho. Tarehe ya leo, dakika hii hii: Mgeni ametoka. Siku zote alimfuata nyuma, leo ametangulia.

Alipofika nyumbani alikuta taa ya sebuleni inawaka na mlango umeegeshwa tu. Akasukuma. Mezani kulikuwa na vikombe viwili, vyote vinafuka mvuke, na harufu ya udongo imejaa nyumba nzima. Simu ikalia mkononi.

"Kaka, umefuta?"

Alivitazama vile vikombe.

"Nimefuta."

"Afadhali! Sasa nitapata usingizi."

Simu ikakatika. Kutoka jikoni sauti ya upole ikamwuliza mbona leo amechelewa.

"Kazi tu," akajibu, akaingia, akafunga mlango kwa ndani.