Sikio la Shangazi Ilaisane

Aliyemwambia Vika habari hizi mara ya kwanza alikuwa Mele Lose, mwanamke mnene mwenye mdomo usiokaa na neno, mfagiaji wa ofisi ya kampuni ya maboga pale Nuku'alofa, mji wa visiwani. Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Nguruwe wa jirani walikuwa wakichakura ufukweni, na Vika, karani wa mapokezi, alikuwa mezani pake akimmenyea binti yake ndizi.

"We Vika, ile simu ya chumba cha mikutano inaguna."

"Inaguna vipi, mama?"

"Kama bibi anayeumwa jino. Nimeipangusa vumbi, ikaguna. Nami nikaiambia pole, ningefanyaje?"

Walicheka. Simu yenyewe ilikuwa nyeusi, yenye miguu mitatu, imekaa katikati ya meza ndefu kama kaa. Kila Alhamisi, Bosi Mosese na wenzake waliizunguka wakazungumza na wanunuzi wa ng'ambo. Vika ndiye aliyeiwasha, akapiga namba, kisha akatoka kimya kimya. Alikuwa mtu wa haya, hasa mbele ya wanaume wengi.

Mumewe alikuwa Australia akichuma matunda. Kwa hiyo Neti, mtoto wao wa miaka mitatu, alishinda naye ofisini, chini ya meza, akipanga makombe ya pwani.

Mchana ule Mosese alitaka kuijaribu laini. Vika alibonyeza. Ukatoka mkwaruzo, kama kucha juu ya bati. Papo hapo, kule mapokezi, Neti alipiga yowe na kushika sikio la kushoto.

Mosese alikata laini. Neti akanyamaza.

Akaifungua tena. Neti akalia tena.

"Mtulize mwanao," Mosese alisema, "au mpeleke kwaya wakamfundishe."

Hospitalini muuguzi alimmulika mtoto sikioni. "Safi kabisa, dada. Hamna kitu humu."

Jumatano Mele Lose hakuwa na mzaha tena. Aliinama karibu na Vika. "Nani wako amelala jirani na hapa?"

Hakuhitaji kueleza zaidi. Katika visiwa vile kila mtu anajua: mtu akiumwa na daktari asione kitu, basi kaburini kuna mzizi umetoboa mfupa wa ndugu yake. Watu hufukua, huung'oa mzizi, huosha mfupa kwa mafuta, na mgonjwa hupona. Mosese naye alijua. Mama yake mwenyewe aliponywa kichwa kwa njia hiyo.

Vika aligeukia dirishani. Nyuma ya ofisi, kando ya ukuta, alizikwa Shangazi Ilaisane, dada wa baba yake, aliyemlea. Wimbi kubwa la bahari lilipokuja lilifagia makaburi yale, vilima vya mchanga mweupe, maua na alama zote, pakabaki tambarare. Baadaye Mosese akachimba hapo mtaro wa waya za simu, kwa kuwa kuzunguka kulikuwa mbali. Vika alimwendea siku ile, macho chini. "Bosi, hapo kuna watu wetu."

"Watu gani? Wimbi limewachukua. Waliobaki ni mchanga tu."

Na Ilaisane hakuwa mtu wa kuchezewa. Kwao, dada wa baba yuko juu ya wote katika nyumba ya kaka yake. Akitaka mkeka atachukua, akitaka nguruwe atachukua, na hakuna wa kuinua macho. Yeye alikuwa na desturi yake: aliomba mara moja tu. Siku moja baba yake Vika alimnyima mwananguruwe. Ilaisane hakugombana. Kesho yake alikuja akachukua mama nguruwe na watoto wake wote, na baba mwenyewe ndiye aliyemfungia kamba.

Vika alikwenda kwa Mosese. "Nakuomba, Bosi. Tuhamishe ule waya. Mtoto wangu anaumia."

"Kwani marehemu siku hizi amekuwa fundi simu?" Wenzake waliangua kicheko. "Sikiliza, Vika. Kesho wanunuzi wasiponisikia, maboga yote yataozea shambani. Tutachimba baadaye. Na simu ikisumbua, ifute yote, irudi kama ilivyotoka kiwandani."

Alhamisi chumba kilijaa. Mapokezi, Neti alikuwa amelaza shavu kwenye mkeka, akilia kwa kwikwi.

Laini ikafunguliwa. Mkwaruzo.

Vika aliichomoa simu, akangoja, akaichomeka. Mkwaruzo. Akabadilisha waya wa mezani. Mkwaruzo.

"Ifute," Mosese alisema.

Kuifuta kulitaka kubonyeza kitufe na kukishikilia mpaka taa nyekundu zimemeteke. Vika aliweka kidole. Mkwaruzo ukashuka. Ukawa pumzi. Pumzi ikawa neno.

"Vika."

Mwanaume mmoja alitua kikombe chake.

"Vika, mwanangu. Sikio langu. Niondolee."

Ilikuwa sauti iliyomlaza utotoni. Vika aliinua kidole.

"Bosi," alinong'ona, "ni yeye."

"Bonyeza."

"Bosi, umemsikia."

Mosese alikuwa amemsikia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Lakini alinyoosha mkono, akaushika wa Vika, akakikandamiza kidole chake kwa dole gumba mpaka ukucha ukawa mweupe.

Nyekundu. Nyekundu. Kijani.

Kimya.

Kisha sauti za wanunuzi zikaingia, safi kama maji ya mvua. "Leo tunawasikia vizuri sana!" Wanaume wakapigana mabega. Mosese alipangusa uso, akatega sikio upande wa mapokezi. Hakukuwa na kilio.

"Umeona? Hata mtoto amepona."

Neti alikuwa ameketi sakafuni akipanga makombe yake. Vika alimwita. Hakugeuka. Akamwita tena, kwa nguvu. Kisha akachukua sinia la chai, akaliachia nyuma ya mgongo wa mtoto. Wanaume wakatoka mbio kuuliza kumeanguka nini.

Neti aliweka kombe jingine kwenye mstari.

Ijumaa asubuhi, jua likichomoza, Vika alijifunga kiunoni mkeka wa msiba, kama wafanyavyo wafiwa kwao. Alichukua sepetu, kisu, chupa ya mafuta na kipande cha nguo ya gome, akambeba Neti mgongoni mpaka nyuma ya ofisi. Hakuomba ruhusa. Alichimba mpaka akaukuta waya, kisha akaufuata kwa mikono.

Waya uliingia sikio la kushoto la fuvu, ukatokea la kulia.

Fuvu halikuwa na ufa. Hakuna mchimbaji ambaye angeweza kuupitisha hivyo, kama uzi katika sindano. Vika aliuvuta. Haukutoka. Alipangusa mchanga, akainama. Ile plastiki nyeusi ilikuwa imeota vijizizi. Vyeupe, laini, vyenye unyevu. Vimeushika mfupa kutoka ndani.

Aliukata waya pande zote mbili. Akang'oa vijizizi kimoja kimoja kwa kucha. Akaosha fuvu kwa mafuta, akalifunga katika nguo, akalirudisha na kulifukia kwa mchanga mweupe alioubeba kwa viganja. Kisha akapiga magoti, akaushika uso wa mwanawe.

"Neti. Unanisikia?"

Mtoto aliutazama mdomo wake, kama mtu anavyomtazama samaki majini.

Kisha akageuka. Haraka, kwa furaha, kama mtoto anavyogeuka akiitwa. Alitazama ule mchanga.

"Ee, Bibi Ilaisane," alisema. Jina hilo hakuna aliyewahi kumfundisha. "Nakuja."

Vika alimvuta kifuani, akamfumbata kwa mikono yote miwili. Vijizizi vilikuwa bado vimenasa chini ya kucha zake.

"Hapana," alisema, kwa ile sauti aliyoikosa mbele ya Mosese. "Huyu hapana, Shangazi."

Mchanga haukujibu. Ilaisane hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.