Nusu ya Kahawa

Maji ya kupikia yalikuwa yamekwisha, na jua lilikuwa linazama. Nilimfunga binti yangu Natukunda mgongoni, nikachukua debe, nikashuka bondeni kwenye chemchemi.

Ilikuwa mwaka 1953. Mume wangu Byabato alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja mpima ardhi, aliyesafiri kwa lori katika milima ya Kyerwa, ndani ya pori ambamo serikali ilikuwa imekataza watu kulima na kuwinda. Kila jioni walisimamisha lori, wakapiga mahema, na asubuhi wakaendelea. Mimi nilipewa nafasi juu ya mizigo, ili nikafike kwa wazazi wangu niwaonyeshe mtoto. Walikuwa hawajamwona.

Niliinama kuchota. Vyura waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nyuma yangu, ndani ya majani marefu, kitu kilipiga hatua.

Nikasimama. Nacho kikasimama.

Nikanusa harufu ya ngozi mbichi iliyolowa mvua... harufu ya kitu kilichochunwa kikasahauliwa. Sikugeuka. Nilibeba debe likiwa nusu, nikapanda mlima mbio, maji yakinimwagikia shingoni. Na mgongoni kwangu Natukunda akaanza kucheka. Alicheka kama anavyocheka akichezeshwa.

Nilipofika kambini, mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye moto wetu.

"Mama Natukunda!" aliita Egbert, dereva wa lori. "Umefukuzwa na nyani, au umeuona uso wako kwenye maji ukaogopa?"

"Mwache mke wangu," alisema Byabato akicheka. "Karibu mgeni, jina la mke wangu ni Jovitha. Jovitha, msalimie mzee."

Nilipiga goti. "Shikamoo."

Hakuitika. Alivaa ngozi kuukuu, na fimbo ya mchungaji ilikuwa magotini pake. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa juu ya bega langu, kwa mtoto.

Harufu ile ilikuwa pale pale motoni.

Yule Mzungu alikuwa hemani kwake na homa, taa amezima. Hapakuwa na mwingine wa kusema lolote. Nami si mtu wa kusema mbele ya wanaume. Nilikaa kando, nikamenya ndizi, nikatazama.

Mzee alitoa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa zikakaushwa. Kwetu mwenyeji na mgeni hupeana hiyo, na mtoaji hutafuna kwanza, mpokeaji aone kwamba haina sumu. Ukishapewa, unaitia kinywani papo hapo. Ukiikagua kiganjani, ni sawa na kumwita aliyekupa mchawi. Kwa hiyo hakuna mtu mwenye adabu anayekagua.

Mzee akatafuna. Akampa Byabato. Byabato akapokea kwa mikono miwili, akatia kinywani bila kutazama.

Lakini mimi nilikuwa upande wa pili, na moto uliwaka vizuri. Mzee hakutoa kahawa mbili. Alitoa moja, akaipasua kwa ukucha. Nusu alikula yeye. Nusu nyingine aliipitisha chini ya ngozi aliyovaa, kwenye kitovu, na ilipotoka ilikuwa inang'aa. Nyekundu.

Babu yangu alifanya hivyo na rafiki yake, nikaona kwa macho yangu nilipokuwa mdogo. Ni undugu wa damu. Ukishaula, huyo ndugu haombi kitu kwako. Anaingia bila hodi. Chungu chako ni chake. Ng'ombe wako ni wake.

Mtoto wako ni wake.

"Byabato," nilinong'ona. "Tema."

Koo lake likapanda, likashuka. Alikuwa amemeza.

"Ndugu yangu," alisema mzee. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi. "Nimekaa sana huku peke yangu. Nipe binti yetu."

Egbert akacheka. "Mzee, huyo hata kutembea bado! Mahari utalipa leo?"

Hakuna aliyecheka naye. Byabato alikuwa ameketi wima, mikono magotini, macho wazi bila kupepesa.

"Mpe," alisema mume wangu.

"Byabato!"

"Ni ndugu yangu. Mpe."

Kicheko cha Egbert kikakatika. Alitaka kusimama, akakaa tena.

Fundo la mbeleko likalegea kifuani pangu. Sikuligusa mimi. Lilifunguka lenyewe, taratibu, kama linafunguliwa na vidole. Nikamdaka mtoto kabla hajaanguka, nikamkumbatia. Mwili wake ulikuwa baridi kama maji ya chemchemi, na alikuwa amemnyooshea mzee mikono yote miwili.

Mzee akainuka, akanijia.

Sikuwa na nguvu za kumshinda. Nilikuwa na jambo moja tu la kusema. Mungu anajua lilikuwa uongo, na anajua kwamba sijawahi kulala na mwanamume mwingine.

"Si mtoto wake," nilisema.

Mzee akasimama hapo hapo.

"Byabato si baba yake!" Nilipiga kelele, mimi ambaye hata kanisani huimba kimoyomoyo. "Mlikula undugu na Byabato. Huyu si wake. Hana cha kukupa!"

"Ni wa nani?"

"Alikuwa mpita njia. Sikumjua jina."

Mzee akainamisha uso hadi kwenye utosi wa mtoto, akavuta pumzi. Nilidhani atajua. Nilisikia meno yake yakigongana...

Akajivuta nyuma.

"Haya," alisema. "Nitamngoja aliye wetu."

Akaondoka kupitia majani marefu. Hakuna jani lililotikisika. Vyura wakaanza tena.

Asubuhi Egbert aliwauliza wachungaji tuliowakuta njiani. Mmoja alisema zamani mwindaji alivunjika mguu kule juu, ndugu yake wa damu akamwacha afe. Mwingine alisema hakuna mwindaji wala nini, ni mchawi wa kijiji cha jirani. Walibishana mpaka lori likaondoka.

Byabato hakumkumbuka mzee. Hakukumbuka kahawa. Katika jioni ile yote alikumbuka sentensi moja tu, ile yangu. Egbert alimwapia kwamba nilisema uongo kuokoa mtoto. Byabato akamuuliza, "Wewe umejuaje?" Tangu hapo hambebi Natukunda.

Sasa tuko nyumbani, na nina mimba nyingine. Byabato amebadilika kwa furaha. Kila jioni ananikalisha mlangoni, anaweka kiganja tumboni kwangu.

"Huyu ni wangu, au naye ni wa mpita njia? Sema, nisikie."

Nikisema si wake, atanifukuza. Nikisema ni wake, kuna anayemngoja... Basi mimi huinamisha kichwa tu, naye huchukia.

Jana alinikamata kidevu. "Leo utasema. Kwa sauti."

Nilifungua kinywa. Kule migombani, majani makavu yakavunjika chini ya mguu wa mtu. Kisha yakavunjika tena, karibu zaidi.

Alikuwa anasogea ili asikie vizuri.