Gunia la Beberu

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu hapa Nyeri, na darasani mimi ndiye wa kuchekesha watu. Lakini tangu Januari situlii. Nakaa, nasimama, naenda bomani, narudi... Mmewahi kumlilia mbuzi? Basi msinicheke!

Mbuzi wangu aliitwa Shiku. Kwetu beberu hufungwa gunia chini ya tumbo, ajaribu kupanda lakini asifikie. Mama hulifungua Novemba, ili watoto wazaliwe na mvua ya Aprili, majani yakiwa tele.

Likizo ya Agosti nilienda Timau. Huku nyuma binamu yangu Muriithi, ninayelala naye chumba kimoja, akalifungua. Ati alimhurumia beberu! Kisha akalifunga tena, akanyamaza.

Kiangazi kikaja. Tukamlisha Shiku mabua makavu, tukijua hana mimba. Tumbo likavimba. Nikamwita Mheshimiwa, nikamuuliza anagombea kiti gani! Muriithi alicheka nami. Alijua... na alicheka!

Jumamosi moja Shiku akagoma kula. Akalala akisaga meno, pumzi ikinuka kama dawa ya kutoa rangi ya kucha. Nilizunguka boma mpaka Mama akafoka, "Wewe, keti! Unanizungusha kichwa."

Daktari wa mifugo akapima damu yake. Sukari ilikuwa imeisha, na kalsiamu iko chini. Alisema homoni za mimba haziulizi kama kuna majani. Watoto hulishwa kwanza, na mama akikosa chakula, mwili wake huchoma mafuta yake wenyewe mpaka damu inageuka sumu.

"Mimba gani, daktari?" Mama akashangaa.

Muriithi akaanza kulia. "Aunti, ni mimi... Nilisema tu, mbuzi ana kalenda gani?"

Shiku alidungwa sukari, kalsiamu, na dawa ya kuharakisha uzazi. Kesho yake akazaa wawili. Wa kwanza hakupumua. Wa pili, Shiku alimlamba kidogo tu... kisha akalaza kichwa, asikiinue tena. Nilitafuta mzaha wa kusema. Wapi!

Nyinyi mnaofuga, nawasihi: gunia likifunguliwa, semeni siku hiyo hiyo! Tungejua, tungemlisha vizuri, na pengine angeishi. Kicheko kile cha Muriithi bado kinaniamsha.

Siku hizi yeye ndiye hupasha maziwa ya yule mtoto aliyebaki. Kila asubuhi humwita kwa jina nililompa mimi.

Nilimpa jina Kalenda.